Beki Aliyeizika Calderby

Neville Crabtree alitemwa na timu ya mji wake akiwa na miaka kumi na minane, na kilichomharibu si kutemwa, ni namna alivyotemwa. Vijana wanatemwa kila mwaka. Mwezi wa tano ukifika, Uingereza nzima makocha wanachuja: wewe baki, wewe kwaheri, mtoto anarudi kwao analia, mama anamchemshia chai, maisha yanaendelea. Lakini Calderby kulikuwa na kocha anaitwa Vic Stannard, na Stannard alikuwa na mtindo wake mwenyewe. Hakuwa akimwita mtu ofisini. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na misumari ukutani, kila mchezaji na msumari wake, daluga zake zinaning'inia hapo. Asubuhi ya mchujo unaingia, unatazama msumari wako. Daluga zipo, umebaki. Hazipo, toka nje uende getini. Utazikuta ndani ya mfuko mweusi wa taka, umefungwa fundo, umepangwa pamoja na mifuko ya wenzako.

Basi asubuhi hiyo ya mwaka themanini na nne Neville aliingia kifua mbele. Msimu mzima alikuwa amecheza beki wa kati timu ya vijana, kila mpira wa juu ni wake, pua ilishavunjwa ikaungana upande na hakulalamika. Akatazama msumari wake. Mtupu. Akadhani amekosea, akatazama wa jirani. Na Stannard, badala ya kunyamaza kama binadamu, akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai akapaza sauti chumba kizima kisikie.

"Unatafuta nini, Crabtree? Nenda kwenu, mama yako akusimamishe sebuleni apange vyombo. Kabati lenye miguu nilisajili mimi?"

Waliobaki wakacheka. Waliobaki huwa wanacheka, mabwege wale; wanacheka kwa sababu hawajaamini kwamba wamepona.

Nje getini alimkuta baba yake. Wilf Crabtree alikuwa mtia rangi kwenye kiwanda cha mazulia, na alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, mikono ya bluu mpaka viwikoni. Mzee aliutazama ule mfuko, akamtazama mwanawe, akauchukua akautupia begani. Wakaishuka barabara kuu, watu wamejaa madukani, na kila mtu Calderby alijua mfuko mweusi uliotoka geti lile una maana gani. Hawakusema neno mpaka mtaa wa Inkerman, nyumbani. Huko kwao baba hasemi. Baba wa Calderby anaweza kukufia, lakini kukuambia kitu usoni, thubutu! Atakohoa, ataweka birika jikoni, atazungumzia mvua. Neville alitembea nyuma ya baba yake akiiona ile shingo ilivyoiva kwa aibu, akaapa. Hakuapa kuwa mchezaji mkubwa. Aliapa kwamba Vic Stannard ataaibika mbele ya mji ule ule, na wa kumwaibisha atakuwa yeye.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na nafasi ya kujifunza ufundi umeme pale kiwandani. Nafasi kama ile watoto wa mameneja waligombania, na Wilf alikuwa ameshamwekea mwanawe. Neville hakuitazama mara mbili. Alichukua ule mfuko na daluga zake, akapanda treni kwenda kujaribiwa na timu moja ya mbali kusini, Saltmouth, huko ambako upepo wa bahari unageuza mpira wa goli kiki unarudi kwa kipa. Mlangoni baba yake alimwambia, "Utahitaji koti." Basi, huko ndiko kulikuwa kuagana kwao.

Saltmouth walimchukua. Baada ya Saltmouth ikaja Wexcombe, halafu Penhallow, halafu timu nyingine na nyingine, zote za madaraja ya chini, zile ambazo wachezaji wanafua jezi zao na basi la timu linaharibika kila safari. Alikuwa beki wa kuitwa pale mnapozama. Hakuwa na mbio, hakuwa na chenga, lakini ukimpigia mpira wa juu ameula, na mshambuliaji aliyecheza naye Jumamosi alikuwa anaamka Jumatatu anashika mbavu. Mashabiki walimpenda msimu mmoja, wakamtungia nyimbo za matusi ya mapenzi, kisha anakuja kocha mpya na mabeki wake, na Neville anafungasha. Alilala kwenye vyumba vya kupanga kwa wajane waliompikia maini kila Alhamisi. Alioa, mke akachoka kuhama, akabaki na pazia zake Penhallow. Mama yake alikufa yeye akiwa kambini. Magoti yalipoanza kuvimba walimchoma sindano acheze, akacheza. Yakavimba tena, wakamchoma tena.

Watu walimuuliza kwa nini haachi. Alikuwa anacheka tu. Ukweli ni kwamba kila ratiba ya msimu ilipotoka, aliangalia kitu kimoja: Calderby tunakutana nao lini?

Sasa, huko kuna adabu yao. Ukiifunga timu iliyokulea, hushangilii. Unanyanyua mikono kidogo, unaomba radhi, unarudi katikati umeinamisha kichwa. Hata mchezaji mshenzi vipi anaishika adabu hiyo. Neville alipoifunga Calderby kwa mara ya kwanza, kwa kichwa, akiwa na jezi ya Wexcombe, alikimbia uwanja mzima. Ndiyo, kwa magoti yale yale! Akafika mbele ya benchi la Calderby akasimama pua kwa pua na Stannard. "Kabati limekufunga!" akamfokea. "Wasalimie nyumbani, waambie kabati limekufunga!" Mji mzima ukamzomea, watu aliosoma nao, muuza magazeti wao, mwalimu wake wa hesabu. Refa akampa kadi, na ilikuwa ya pili, akatoka nje. Aliondoka anatabasamu. Lakini Stannard hakuwa ameaibika. Stannard alikuwa amekunywa chai yake akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mbwa anabweka.

Hilo lilimkaa kooni kuliko yote.

Alipotundika daluga alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, mkono mmoja ukutani. Stannard naye alishaacha ukocha, lakini hakuondoka. Alikuwa amepanda, sasa ni mwenyekiti wa klabu, na koti lake refu la rangi ya ngamia, kiti chake cha mbele jukwaa kuu, kila Jumamosi. Watu wakimwita Bwana Vic. Neville aliyasikia hayo akasema sawa. Kama siwezi kumfunga kwa miguu, nitamkausha.

Akaomba kazi ya kufundisha vijana Brigthorpe. Brigthorpe ni watani wa jadi wa Calderby, mji wa pili ukishuka bonde, na watu wa huko na huko wanaoana kwa shida. Walimpa. Na hapa lazima nimpe haki yake, maana watu wakisimulia habari za Neville wanaruka hapa: alikuwa mwalimu. Mwalimu hasa! Beki asiye na mbio hujifunza kusoma mchezo, na yule aliusoma akaweza kuufundisha. Mtoto akija kwake hajui hata kusimama, baada ya mwaka anajua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa. Na kumtema mtoto kwa mfuko? Labda umuue kwanza. Aliyeshindwa, Neville alikwenda mwenyewe mpaka kwao, akakaa, akamwambia mbele ya mama yake, akala matusi yake yote, akaaga. Kwa hilo wazazi walimwamini kama daktari.

Ila watoto wenyewe aliwatoa wapi? Aliwatoa Calderby. Jumapili asubuhi, mvua inamwagika, viwanja vya mitaa ya Calderby, yeye yuko pembeni na mwavuli uliovunjika, anatazama watoto wa miaka tisa, kumi. Akimwona anayejua, anamfuata mama kabla watu wa Stannard hawajaamka. Kila aliye mzuri alimchukua. Hata asiye mzuri sana, ambaye Calderby wangemtaka, alimchukua pia.

Wa mwisho kumchukua kwa mtindo huo, na aliyemtaka kuliko wote, alikuwa Callum Hirst, mtoto wa mtaa ule ule wa Inkerman, nyumba chache kutoka kwa mzee Wilf. Mama yake, Tracey, alikuwa na skafu ya Calderby imening'inia jikoni karibu na taulo.

"Calderby wameshakuja," Tracey alisema. "Bwana Vic mwenyewe kaja. Kakaa hapo hapo ulipokaa wewe."

"Kakuambia nini?"

"Kasema mtoto atacheza timu kubwa akifika kumi na saba."

"Akifika kumi na saba atapewa mfuko wa taka."

Tracey akamtazama weee, mpaka Neville akajishughulisha na biskuti. "Neville, mama yangu na mama yako walianika nguo kamba moja. Usinizungushe. Unamtaka mwanangu, au unataka kumkomoa yule mzee?"

"Vyote viwili."

"Loo! Angalau husemi uongo. Kunywa chai yako, kipenzi, inapoa."

Callum akaenda Brigthorpe.

Kila Jumapili mchana Neville alikwenda kula kwa baba yake. Mzee alikuwa amestaafu, peke yake ndani ya nyumba, na tangu siku ya ule mfuko hakukanyaga tena uwanja wa Calderby. Mtu ambaye zamani hakukosa mechi hata akiwa na homa, na pai yake ya nyama ya pale uwanjani mkononi. Alisikiliza redioni tu, Jumamosi, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Neville alijua sababu. Aibu. Stannard alimnyang'anya baba yake hata starehe yake moja, na hilo nalo liliongezwa kwenye hesabu.

"Nimechukua mwingine, Baba," alimwambia Jumapili ile. "Hirst, wa hapa hapa mtaani."

Mzee aliacha kukata nyama. "Yule mrefu?"

"Huyo huyo. Kichwa kama changu, miguu kama ya mtu."

Mzee akacheka, kisha kicheko kikamwisha mdomoni. "Neville. Mwache yule bwana."

"Simwachi."

"Ya zamani hayo."

"Alikubebesha mfuko wa taka, Baba! Wewe! Mji mzima unaangalia!"

"Mfuko wenyewe haukuwa mzito," alisema mzee Wilf. Akakohoa, akasogeza bakuli. "Weka mchuzi, nyama imekauka."

Neville aliweka mchuzi. Aliuchukua upole ule wa baba yake kama kidonda kingine cha kulipiziwa.

Miaka ikapita, na Calderby ikaanza kukauka kweli. Timu ndogo kama ile haina fedha za kununua watu, inaishi kwa watoto wa mji. Mtoto akikua anacheza, akicheza vizuri anauzwa, wanapata pumzi. Sasa watoto hawapo. Wakaokota wachezaji waliotemwa kila mahali, vikongwe, wagonjwa, walevi. Wakashuka daraja, wakakaa, wakashuka tena, mpaka wakafika la nne, chini kabisa. Chini ya hapo hakuna ligi ya kulipwa, kuna matope, na timu za wauza nyama na mafundi bomba. Jukwaani wakaanza kumwimbia Bwana Vic nyimbo za kumtaka aondoke. Neville alikuwa anashusha vioo vya gari akipita karibu na uwanja, ili azisikie.

Halafu ratiba, bila kuombwa na mtu, ikafanya kazi yake. Mechi ya mwisho ya msimu: Calderby na Brigthorpe, uwanja wa Calderby. Calderby wakipata sare wamepona. Wakifungwa wameondoka. Brigthorpe walikuwa katikati ya msimamo, hawapandi wala hawashuki, na kocha wa timu kubwa, kijana mmoja mpenda kompyuta, akamwambia Neville, "Sisi hatuna cha kupoteza. Nipe watoto wako wacheze. Na wewe njoo ukae benchi, unawajua."

Neville hakupata usingizi kwa furaha.

Chumbani kabla ya mechi aliwatazama. Karibu nusu yao walizaliwa kilomita moja kutoka pale walipokaa.

"Najua bibi zenu wako jukwaani," aliwaambia. "Leo hamna bibi. Baada ya mechi mtakuwa nao tena."

"Kocha," Callum akasema, "babu yangu yupo kule nyuma ya goli. Analia toka asubuhi, na mechi haijaanza."

"Atalia vizuri zaidi jioni. Vaa soksi."

Mechi ilikuwa mbaya, tusidanganyane. Calderby walijaza watu kumi nyuma na kupiga mpira nje, nje, nje, wakitafuta sare yao, na mashabiki wanashangilia kila mpira unaotoka utadhani goli. Neville pembeni hakukaa. Mbele yake, kiti kile kile cha mbele, alimwona Stannard na koti lake, amekunja mikono, hamtazami. Mpaka dakika zikawa za kuhesabu vidoleni. Hapo ndipo Brigthorpe wakapata kona. Ile kona ilikuwa ya Neville: aliifundisha mwaka mzima, mmoja anamziba kipa, wawili wanakimbilia nguzo ya karibu kuvuta mabeki, na mrefu anabaki nyuma anahesabu, halafu anakuja. Callum alihesabu, akaja, akapanda juu kuliko wote, nyavu zikatikisika.

Uwanja ulinyamaza hata ukasikia mpira ukidunda ndani ya goli. Na Callum, mtoto mwenye adabu zake, akamtafuta babu yake kwa macho, akanyanyua mikono kidogo kuomba radhi, akainamisha kichwa.

"Shangilia!" Neville alikuwa ameshavuka mstari. "Shangilia, mjinga wewe! Shangilia wakuone!"

Callum alimtazama kama anamtazama mlevi wa njiani, akapita.

Filimbi ilipolia, Calderby haikuwemo tena kwenye ligi. Watu wazima walikaa kwenye ngazi za saruji wakafunika nyuso. Wengine waligeukia jukwaa kuu. "Umetuua, Stannard! Umetuua, mzee mwizi wewe!" Kikombe cha chai kikarushwa kikapasukia kwenye koti la rangi ya ngamia, na Stannard hakupangusa, alikaa tu chai inamchuruzika, mbele ya mji ule ule. Na Neville alifurahi. Wala tusimsingizie huzuni ambayo hakuwa nayo. Aliona ameitua mizigo yote aliyobeba tangu ujana wake.

Alimngoja kwenye maegesho ya magari. Alitaka kitu kimoja tu, Stannard amtazame. Mzee akatoka mlango wa nyuma, fimbo mkononi, doa la chai kifuani, akaja moja kwa moja.

"Crabtree. Umefurahi?"

"Sana."

"Ndiyo, ufurahi. Miaka yote hii nakuona unavyopita mitaani kwetu kuzoa watoto. Wenzangu walitaka tukushtaki kwenye chama cha mpira. Nikawaambia mwacheni. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ulizitupa daluga zangu getini kama takataka na unajua ulichofanya."

"Daluga zako zilikuwa msumarini," Stannard alisema. "Jioni ya kuamkia siku ile zilikuwa msumarini, mimi mwenyewe nilizipitia zote. Ulikuwa umebaki, kijana."

Neville akakunja uso.

"Baba yako alinikuta klabu ya wafanyakazi. Akaninunulia bia, akakaa karibu nusu saa anazungumzia mvua. Halafu akasema, 'Mteme mwanangu. Na umteme vibaya, asitamani kurudi.'"

"Muongo wewe."

"Nikamwambia, Wilf, mtoto ni mzito lakini ni beki. Akasema, 'Ndiyo maana nimekuja. Angekuwa mbovu ningekunywa bia yangu nikaenda kulala.' Yale ya kabati na vyombo niliyatunga mimi, sikatai, nilikuwa na mdomo. Lakini niliombwa. Na nikamwahidi nitakufa nayo."

"Mbona hujafa nayo?"

Stannard akafungua mlango wa gari lake, akaingiza mguu mmoja. "Kwa sababu leo umeniulia timu," alisema, "na mimi nina roho mbaya kama yako." Akaondoka.

Kutoka uwanjani mpaka mtaa wa Inkerman ni mwendo mfupi, na Neville aliendesha gari anatukana peke yake. Muongo. Mzee mnafiki. Atasema chochote. Lakini kuna swali ambalo hakuwahi kulitia mdomoni, na sasa lilikuwa linamgonga meno, na alipofungua mlango kwa ufunguo wake na kumkuta baba yake kwenye kiti karibu na dirisha, redio imezimwa, hata hakusalimia.

"Baba. Siku ile ulikuja getini kufanya nini?"

Mzee Wilf akakohoa. Akashika mikono ya kiti ainuke. "Ngoja nikuwekee chai."

"Kaa."

"Maji yapo tayari, ni kuchemsha tu..."

"Kaa, Baba! Leo hakuna chai, hakuna mvua, hakuna mchuzi. Sema kwa mdomo wako!"

Mzee akakaa. Alitazama dirishani, na ikaonekana kama atafanya kama alivyofanya siku zote.

"Nilikuja kuupokea," alisema. "Nilijua utakuwa na kitu cha kubeba."

Neville akaegemea mlango.

"Kwa hiyo amesema," alisema mzee. "Alisema hatasema."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uwe fundi umeme." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuomba radhi. "Niliwaona wale wa madaraja ya chini wakifika arobaini. Wanashuka ngazi kinyumenyume. Tazama magoti yako, Neville! Tazama! Huna mke, huna nyumba, unalala chumba cha kupanga juu ya duka la samaki. Nilikosea wapi?"

"Ungeniambia mimi!"

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza. Ningekuchukia."

"Ehee," alisema mzee. "Nikaona bora umchukie yeye."

Neville alitaka kuvunja kitu, akatazama, akakuta vyombo vyote ni vya mama yake. "Nimewashusha leo kwa ajili yako," alisema. "Wale watoto wote. Miaka yote hii. Nilidhani nakulipia wewe!"

"Najua."

"Unajua?"

"Kila Jumapili unakuja hapo mezani unaniambia umechukua nani. Kila Jumamosi nakaa hapa nasikiliza tunafungwa na nani. Timu yangu tangu babu yako ananibeba mabegani. Kwenda uwanjani nilishindwa, ningekaaje pale? Basi nikasikiliza." Mzee alipangusa pua kwa kiganja. "Nikajiambia, mwache achape. Hajui anamchapa nani, lakini fimbo inafika. Leo imefika, mwanangu. Leo imefika hasa."

Na machozi yakamtoka, mzee wa watu, bila kelele.

Neville alijitafuta huruma ndani, akaitafuta kwa dhati, maana alikuwa anampenda. Hakuiona. Alichokiona ni kitu cha moto na kitamu kinachopanda kifuani, kile kile cha uwanjani, na safari hii hakikuwa na Stannard ndani yake. Akavuta kiti akakaa kumkabili baba yake, goti likalia.

"Mwezi wa nane wataanza kucheza huko kwenye matope," alisema. "Na wauza nyama."

"Najua."

"Nitakuja kukuchukua."

Mzee akainua macho.

"Kila Jumamosi. Mvua, theluji, upepo, nitakuja na gari, nitakukalisha mbele, na utatazama wanavyofungwa. Huku redioni hukai tena. Umenisikia?"

Mzee Wilf aliuchunguza uso wa mwanawe, kama anayetafuta mahali pa kushika. Tangu mwaka themanini na nne hakuwa ameliona lile geti.

"Pai bado wanauza pale?" aliuliza.

"Wanauza," alisema Neville. "Wewe hupati."